Kibodi ya Vipande Viwili kwenye Meza ya Mama

Mama yangu alikataa zipu. Nilikuwa nimempeleka hospitali kuangaliwa vidole, na tukiwa njiani kurudi nikamwambia tupitie sokoni nimnunulie magauni mawili matatu ya zipu, au yale ya kuvalia kichwani, maana vidole vyake vilikuwa vimejikunja na haviwezi tena kushika kifungo. Alisimama papo hapo barabarani akanitazama kuanzia nywele hadi viatu.

"Mimi fundi wa nguo," akasema, "nivae zipu kama mtoto wa nasari?"

Mazungumzo yakaishia hapo. Kwa hivyo kila asubuhi nilimfunga vifungo mimi. Ana magauni matatu aliyojishonea mwenyewe kabla mikono haijamwacha, na kila moja lina vifungo saba mbele. Anasimama amekaza mgongo, kidevu juu, na mimi naanzia shingoni kwenda chini. Huo ndio wakati wake wa kunipa habari: nani amefariki Ndhiwa, nani ameoa, ameota nini. Tukifika kifungo cha saba habari zimeisha na chai imechemka. Tumeishi hivyo tangu nilipomtoa Ndhiwa kuja kukaa nami hapa Homa Bay, na sitaficha, nilipenda. Ndizo dakika tano za siku ambazo hatukuwa tunagombana.

Asubuhi moja kifungo cha tatu kikakataa kuingia. Nikakisukuma, kikanitoka. Nikakisukuma tena, kikanitoka tena, na ndipo nikagundua kwamba sikihisi. Nilikiona kwa macho, kiko pale kati ya gumba na kidole cha shahada, lakini ngozi haikuniambia kitu. Ikabidi niiname nikifunge kwa kukitazama, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Mama alikuwa katikati ya habari za harusi fulani, akanyamaza. Mikono anaijua yule.

Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu wengine. Watafiti wanakwenda Ndhiwa, wanakwenda Isebania mpakani, wanavuka hadi Takawiri, wanauliza watu kuhusu mihogo na malaria na omena, wale dagaa wa ziwani, wanarekodi. Kisha wananitumia zile sauti na mimi nasikiliza na kuandika kila neno, hata mtu akikohoa naandika amekohoa. Nimekaa hivyo miaka, hedfoni masikioni, mikono juu ya herufi. Nilijifunza kuchapa Migori, kwenye taipureta ya chuma ambayo usipoigonga kwa hasira haiandiki, na mpaka leo nagonga hivyo hivyo. Nilipokwenda hospitali, daktari alinieleza kwamba kuna mshipa unaopita kwenye kifundo cha mkono, nami nimeubana kwa kukunja mkono siku zote hizo. Nibadilishe namna ninavyochapa, la sivyo ganzi itahamia humo moja kwa moja. Nikamwuliza, moja kwa moja ni kiasi gani? Akasema moja kwa moja ni moja kwa moja.

Niliogopa, wacha niseme tu. Kazi ningetafuta nyingine, hata ya kuuza nyanya. Nilichoogopa ni ile asubuhi ambapo mimi na mama tungesimama mbele ya gauni moja, mikono minne, na pasiwe na wa kulifunga.

Kuna mama mmoja mtafiti ambaye nimemwandikia tangu akiwa mwanafunzi. Nilipomwambia kazi yake itachelewa na sababu yake, alinitumia kibodi yake mwenyewe kwa basi, maana naye aliwahi kuugua hivyo hivyo. Nilipofungua boksi nilidhani imevunjika njiani. Ilikuwa vipande viwili, na kati yake waya. Kipande cha kushoto unakiweka mbele ya bega la kushoto, cha kulia mbele ya bega la kulia, mikono inakwenda imenyooka na kile kifundo hakikunjwi. Ndivyo karatasi ilivyoeleza.

Mama alikuja akaitazama. "Wololo," akasema. "Wamekuletea imekatika?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Ni dawa."

"Dawa ya vipande viwili," akasema, akarudi kwenye kiti chake karibu na mlango.

Siku ya kwanza nilidhani nitapona. Siku ya pili nilitaka kuitupa ziwani. Tatizo ni kwamba ile kibodi ni nyepesi, na mimi nagonga kama nilivyosema. Kila sentensi mbili kipande cha kulia kimehamia dirishani na cha kushoto kimeenda kukaa na mkebe wa sukari. Navuta hiki, navuta kile, nachapa, vimeondoka. Na kule kuvuta nilikuwa nakufanya kwa kifundo chenyewe, kile kile nilichoambiwa nisikikunje! Jioni mikono ilikuwa inauma kuliko wakati wa kibodi ya zamani. Dawa ilikuwa inanimaliza.

Sehemu ya lawama niliipa meza. Meza hiyo ni ya mama, ya mti wa mvule, ndefu, ndiyo aliyokuwa akikatia nguo. Alikaa nayo miaka yote Ndhiwa kwenye veranda ya duka la vitambaa la mzee mmoja Mwislamu aliyetoka Pwani. Kwa mzee yule ndiko alikotoa Kiswahili chake, ndiyo maana kina adabu kuliko changu. Mikono ilipomshinda aliuza cherehani bila kutoa hata chozi moja, lakini meza alikataa katakata. Ikaja Homa Bay kwenye pikapu, ikawa meza yangu ya kazi. Vitambaa vimepita juu yake mpaka imekuwa laini ajabu. Ukiweka kikombe kwa haraka, kikombe kinaendelea na safari.

Basi nikaanza vita. Kwanza nilitandika kitambaa kibichi chini ya kila kipande. Kilishika saa moja, kikakauka, tukarudi kule kule. Nikanunua selotepu ya pande mbili, nikabandika, ikashika vizuri sana siku hiyo, nikalala na furaha. Kesho yake asubuhi nikagonga neno la kwanza na kipande cha kulia kikaondoka na selotepu yake. Nikaweka kamusi nyuma ya kimoja na Biblia nyuma ya kingine ili vikose pa kwenda. Vilisukuma kamusi. Biblia ilijitahidi zaidi, lakini nayo ikasogea. Nilikuwa natukana peke yangu, hedfoni masikioni, sijui hata natukana kwa sauti gani. Mama akiwa kwenye kiti chake ananitazama. Mara mbili tatu niliona midomo yake inatembea, anasema kitu, na mimi nikainua mkono: ngoja, mama, niache kwanza. Akaacha.

Mwishoni nikaenda kwa fundi wa akala, yule anayekata viatu vya matairi karibu na soko. Nikamweleza shida. Alinisikiliza kwa makini ya daktari, akanikatia vipande viwili vya mpira wa tyubu, akavisugua kwa msasa vikawa na meno. "Hii, madam, hata uweke kwa barafu haitoki," akasema. Na kweli, siku hiyo haikutoka! Nilichapa mahojiano mazima ya mkulima mmoja wa Ndhiwa, kibodi imetulia kama imepigwa msumari. Nilimwambia mama nimepata dawa, akatabasamu, akasema, "Ndiyo, hata mimi nimeona leo unaenda vizuri."

Kesho yake ikateleza.

Nikaosha ule mpira kwa sabuni, nikaufuta, nikauweka. Ukashika mchana wote. Kesho yake ukateleza tena. Hapo nilikuwa karibu kuamini kuna mtu ameniwekea kitu. Ni kibodi gani inayotii mchana na kuasi asubuhi?

Na ilikuwa wiki hiyo hiyo mama alipotoka chumbani asubuhi amevaa fulana yangu ya zamani, ile niliyopewa kwenye semina, na leso kiunoni. Nikamwuliza gauni liko wapi.

"Chafu," akasema, akapita kwenda kuketi.

Halikuwa chafu. Niliyaona yote matatu chumbani, yamefuliwa, yamekunjwa. Siku iliyotangulia nilikuwa nimehangaika na kifungo cha tatu na cha nne hadi jasho likanitoka, naye alikuwa amenitazama nikihangaika. Mwanamke aliyegomba na mimi katikati ya barabara kwa ajili ya zipu alikuwa amekaa mlangoni na fulana yenye maandishi mgongoni, anakunywa chai yake kwa mikono miwili. Niliona uchungu, na uchungu ukageuka hasira. Nikachukua vile vipande vya mpira nikaenda kumtafuta fundi wa akala.

"Umeniuzia mpira mbaya," nikamwambia kabla hata ya salamu.

Hakukasirika. Alivichukua, akavigeuza, akapitisha ukucha juu yake. Ukucha ukatoka na kitu cheupe. Akanusa. "Madam, hii umepaka mshumaa."

"Mshumaa utoke wapi? Nyumba yangu ina stima."

"Mimi sijui stima yako. Mimi najua mpira. Hii imepakwa mshumaa, na si mara moja."

Nilimsonya nikaondoka. Nilitembea nikimsema moyoni hadi karibu na mashine ya kusaga unga, na pale nikasimama, watu wakawa wananizunguka kama jiwe la njiani. Nilikuwa nimekumbuka veranda ya Ndhiwa. Nikiwa mdogo, kila asubuhi kabla wateja hawajaja, mama alikuwa anatia cherehani mafuta na mimi ananipa kipande cha mshumaa nisugue meza. Meza yote, mpaka kingo. Mapazia, sare za shule, majoho ya kwaya, vyote ni vizito, na fundi akivivuta juu ya meza kavu vinamvuta mikono. Juu ya nta vinapita vyenyewe. Mimi mwenyewe nilikuwa nasugua! Meza hii hii! Nilisahauje?

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema kuliko kawaida, nikasimama kwenye mlango wa chumba changu. Mama alikuwa mezani. Vipande vya kibodi alikuwa ameviweka kwenye kiti, juu ya taulo lililokunjwa, taratibu, kama watoto waliolala. Mshumaa aliushika kati ya viganja viwili kwa sababu vidole havifungi, na alikuwa ameegemea meza kwa uzito wake wote, anasukuma, anavuta, anapumua kwa shida. Akifika mwisho wa ubao anapumzika, anajipuliza mikono, anaanza upya. Ilikuwa inamuuma. Mtu yeyote angeona inamuuma.

Ningetaka kusema nilimwendea kwa upole. Hapana. Hasira ya wiki tatu zote ilinitoka kwa mdomo.

"Mama! Kumbe ni wewe! Unaniua mikono, unajua? Unaniua mikono!"

Mshumaa ukaanguka chini. Akageuka, na uso wake sitausahau, maana haukuwa na hatia yoyote. Ulikuwa umeshangaa tu.

"Nilikuona unavuta," akasema. "Kila saa unavuta kile kitu kije kwako, kikienda unakivuta tena, uso umekunjamana. Nikasema, meza inamshika. Meza kavu ndiyo iliyonimaliza mimi siku nilizokosa mshumaa. Nikasema wewe isikumalize."

Nikakaa kwenye kiti. Nusura niikalie kibodi yenyewe. Alikuwa amenitazama siku zote zile nikivuta vipande, akadhani kuvuta ndiyo kazi: kwamba kibodi ya kisasa inashonwa hivyo, kushoto na kulia, kama mtu anayeunganisha mikono ya shati. Na alikuwa na haki ya kudhani. Mimi sikumwambia. Nililia, na sikulia kwa sababu ya kibodi. Nikamwambia nisamehe, nimekosa, nimekupigia kelele kama mtu asiyelelewa.

"Ulilelewa," akasema, "ila haraka yako ni ya baba yako." Akanikaribia. "Kwani haitakiwi kutembea?"

"Haitakiwi kutembea hata kidogo, mama."

"Na hukusema?"

"Hukuuliza."

"Nikuulize vipi? Umejaza vitu masikioni, nikifungua mdomo unanionyesha mkono kama trafiki."

Alifikiri kidogo, akitazama vile vipande viwili kwa jicho lake la kazi, jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu Ndhiwa.

"Basi hiyo ni satini," akasema. "Satini ndiyo haitulii. Ukigusa imekimbia. Lete pasi. Na magazeti."

Alinionyesha alivyokuwa akitoa nta kwenye nguo za kanisani. Unatandika gazeti, unapitisha pasi ya moto juu yake polepole, nta inayeyuka na kupanda kwenye karatasi. Tulifanya meza yote, ubao kwa ubao. Magazeti yalitoka na mafuta kama ya kufungia mandazi, na nyumba ikanuka kama siku ya Pasaka. Miaka mingi ya veranda ilitoka pale. Nilimwambia pole, naona tunafuta kazi yako. Akasema kazi yake imevaliwa na watu imechakaa, hii ni nta tu.

Kisha akaniambia nifungue sanduku lake la bati. Chini kabisa lilikuwa blanketi la kijivu la kupigia pasi, limejaa alama za kuungua. Alama moja ni yangu. Nilichapwa kwa ajili yake. Satini, mama akasema, haikatwi juu ya ubao, inakatwa juu ya blanketi, kwa sababu manyoya ya blanketi yanaishika. Nikataka kukata vipande viwili vidogo vya kutosha kibodi.

"Kipande kidogo nacho kitatembea," akasema. "Tandika meza yote. Vuta mpaka chini ya ubao, pigilia huko."

Ndani ya blanketi kulikuwa na makasi yake. Sisi watoto wake tulijua kwamba ukikata karatasi kwa makasi yale bora uhame nyumba. Aliyachukua, akajaribu kuingiza vidole kwenye pete zake, havikuingia. Akajaribu mkono mwingine. Sikumsaidia kwa sababu sikuthubutu. Halafu akanipa, mpini mbele, kama anavyompa fundi mwenzake.

Nami mkono wangu wa kulia ulikuwa na ganzi. Ikabidi nikate kwa mikono miwili, na yeye akalaza mkono wake wote juu ya blanketi, kutoka kiwiko hadi kiganja, kulishikilia. "Nyoosha," ananiambia. "Usiangalie makasi, angalia unakokwenda. Aa, nyara, binti yangu, umepinda." Nilipinda kweli, ukiingia kwangu utaona, upande wa dirishani uko kama meno ya msumeno. Tukavuta kingo, nikapigilia misumari midogo chini ya ubao, nikaweka vile vipande viwili na mpira wa fundi wa akala chini yake. Nikagonga kwa nguvu zangu zote za Migori. Havikwenda popote. Mama akanyoosha mkono, akakisukuma cha kulia kwa kiganja. Kikabaki. Akasema, "Mm," ambayo kwake ndiyo sifa ya juu kabisa.

Baadaye aliniuliza sasa mshumaa wake autumie wapi. Kwa haraka nikasema kabati la jikoni, droo zake zinakwama. Alizipaka zote. Siku hizi ukigusa droo inatoka nzima inakupiga magoti.

Nilirudi kwa fundi wa akala nikamwomba radhi, nikamnunulia na soda. Alisema wateja wa kibodi wana matatizo kuliko wa viatu.

Sikupona siku moja. Daktari alinipa kitu cha kufunga mkono nikilala, na nilipunguza kazi. Wiki zikapita, mama bado na fulana ya semina, na mimi sikumwuliza kuhusu magauni kwa sababu niliogopa kujaribu nikashindwa mbele yake mara ya pili. Lakini nilianza kumweleza ninachosikia kwenye hedfoni, nikiivua kila baada ya muda, na akawa anabishana na watu wa Isebania ambao hawamsikii.

Kisha asubuhi moja nikiwa nimeshaanza kazi, akatoka chumbani na gauni moja kati ya yale matatu, la kijani. Liko wazi mbele, amelibana kifuani kwa mkono. Akaja akasimama kando ya meza, mgongo umenyooka, kidevu juu. Nikavua hedfoni, nikasimama.

Kifungo cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia. Cha tatu nikakishika, na nikabaki nimekishika, sikifungi, kwa sababu ngozi ilikuwa inaniambia kitu: gauni lilikuwa limelala kwenye kiti cha dirishani chumbani kwake na usiku ulikuwa na upepo wa ziwa.

"Mama," nikamwambia, "kifungo kiko baridi."

"Basi kifunge," akasema. "Hata kifua changu kiko baridi." Na akaanza kuniambia nani ameoa Ndhiwa.